Naomba ushauri: video yangu kuhusu kesho, yaani siku zijazo, niongeze sauti?

Habari zenu. Natengeneza video ya dakika 9 kuhusu wanawake wawili wapendanao, sasa wazee, katika dunia ambayo hakuna anayewahoji. Picha ninayoipenda kuliko zote: vidole vyenye mikunjo vikisuka mvi, polepole, kimya. Kila aliyeiona anauliza, "Sasa hiyo kesho iko wapi?" Wanatarajia roboti. Kwangu, kuzeeka pamoja bila hofu ndiyo kesho yenyewe!

Mwongozaji filamu Cheryl Dunye, kwenye filamu yake The Watermelon Woman ya 1996, alibuni picha za kale za mwigizaji mweusi apendaye wanawake ambaye hakuwahi kuwepo, maana kumbukumbu za wanawake kama huyo hazikuwepo. Nami nawaza kubuni albamu ya picha ya mwaka 2070. Je, niweke msimulizi, au niache mikono iseme? Mliowahi kuhariri kazi kama hizi, nisaidieni.