Kuzamia kwa ribriza: nianzie wapi?

Mzamiaji wa Msimbati: Wakuu, habari za leo. Nina cheti cha mtungi wa kawaida, huwa nazamia Ghuba ya Mnazi. Samaki wakisikia mapovu wanatimka kwenye matumbawe, ndiyo maana natamani ribriza, ule mtambo wa kupumulia unaorudisha pumzi yako badala ya kuitoa majini. Nianze sasa au nisubiri?

Fundi Mikindani: Mkuu, raha yake ndiyo hiyo, pumzi yako haimwagwi, inazunguka: chokaa ya soda inanasa kabonidayoksaidi, mtambo unaongeza oksijeni uliyotumia. Oksijeni ikipungua hupati dalili, unapoteza fahamu tu. Macho kwenye kipimo cha oksijeni muda wote, hata kasa apite mbele yako! Chokaa usiijaze harakaharaka. Gongagonga kopo lake mpaka punje zitulie, zikiacha mwanya hewa chafu inapenya. Maji yakiingia humo ndio balaa, yanakuja mdomoni yanaunguza koo.

Mzamiaji wa Msimbati: Na nikivuta oksijeni peke yake, bila kuchanganya na gesi nyingine, je?

Fundi Mikindani: Usivuke kina cha mita 6, italeta degedege. Na mtungi wa akiba beba siku zote.

Bi Shangani: Mdogo wangu, tafuta mwalimu wa mtambo uleule utakaoutumia. Kila aina ina mafunzo yake.