Utani unaishia wapi, uonevu unaanzia wapi? (shule ya bweni, Urambo)

Mlezi_Urambo: Wakuu, tunaandika upya kanuni za shule. Kiranja akimtuma njuka (mwanafunzi mgeni) maji, wengine wanaita utani. Tuandikeje?

Kasulu_Nasaha: Anza na vigezo vitatu vya Dan Olweus, mtafiti wa Norway: nia ya kuumiza, kurudiarudia, na nguvu zisizolingana. Ndoo moja kwa zamu ni kazi. Ndoo tatu za kiranja kila alfajiri, mpaka njuka anakuta uji umekwisha, ni uonevu. Ila kurudia kusiwe kichaka cha kujifichia: picha ya aibu hupigwa mara moja tu, halafu kila anayeisambaza WhatsApp anarudia kosa.

Matroni_Nzega: Msiwakalishe mwonevu na mwonewa pamoja ofisini "wapatane". Mnyonge atakubali lolote, maana usiku wanalala bweni moja. Mhoji kila mmoja peke yake siku hiyo hiyo, mashahidi kabla ya mtuhumiwa. Andika tarehe, mahali na maneno yenyewe. Anayehamishwa kitanda ni mwonevu. Mkimhamisha mwonewa, bweni zima litasoma kwamba yeye ndiye mkosaji. Mwulizeni tena baada ya wiki, kisha mwezi.

Mlezi_Urambo: Ahsante mama. Na sanduku la maoni?

Kasulu_Nasaha: Lisikae mlangoni pa ofisi, kila anayetumbukiza karatasi ataonekana. Ufunguo asipewe kiranja (yapo hayo!). Penye jeraha msimalize kwa viboko: pelekeni ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto, polisi. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure, ibandikeni bwenini.