Majirani Pasua, Moshi: bajeti inavujia wapi?

Mama Glory: Habari za jioni majirani. Mtu analeta 450,000 nyumbani, bajeti kaiandika vizuri tarehe 1, ikifika tarehe 12 mfuko mweupe. Na hakuna kikubwa kilichonunuliwa. Shida huwa wapi?

Baba Irene: Njema Mama Glory. Weka hiyo bajeti tuione.

Mama Glory: Kodi 80,000. Chakula 150,000. Nauli 45,000. Gesi 25,000. LUKU ya umeme na maji 25,000. Kikoba, kile kikundi chetu cha akiba, 40,000. Inabaki 85,000 ya mengineyo.

Baba Irene: Hapo kwenye mengineyo ndipo panapovuja. Pesa isiyo na jina ikikaa kwenye simu kila kitu kinaidai: viatu vya soko la mitumba la Memorial, bando, chipsi, mchango wa kipaimara. Igawe. Michango 30,000, dharura 15,000, na 40,000 iite kabisa pesa ya tamaa.

Dada Neema: 😂😂 tamaa nayo ina fungu?

Baba Irene: Ndiyo. Ukiiandikia sifuri hutaacha kununua, utanunua kwa pesa ya LUKU. Ila usitembee na 40,000 yote, itaishia Jumamosi ya kwanza. Itoe kwa wakala mara moja, tia 8,000 kwenye bahasha 5, kila bahasha na tarehe ya Jumamosi yake. Usitoe 8,000 mara tano, utakatwa mara tano. Mwezi wenye Jumamosi nne, bahasha ya tano inavuka mwezi ujao.

Kaka Eliya: Na kitu kinachozidi 8,000?

Dada Neema: Kiandike: jina, bei, tarehe. Ngoja siku 7. Ukikitaka bado, unganisha bahasha. Halafu bei igeuze siku za kazi. 450,000 kwa siku 26 ni kama 17,300 kwa siku, kwa hiyo viatu vya 35,000 ni siku mbili umefanya kazi ya viatu.

Kaka Eliya: Dada, mtumba hausubiri siku 7. Belo likifunguliwa koti ni moja tu.

Dada Neema: Kweli, huko sheria hiyo haifanyi kazi. Huko unaenda na karatasi, "sweta la shule, mtoto wa miaka 8", bahasha mfukoni, simu imebaki nyumbani. Kagua kwapa, kola na zipu kabla ya kuuliza bei. Sweta la 3,000 linalodai zipu ya 2,500 kwa fundi si la 3,000 tena. Na ukiambiwa "acha hata elfu mbili nikuwekee", ukiacha umeshanunua.

Bibi Manka: Na dukani kwa Mangi je?

Mama Glory: Shikamoo Bibi.

Bibi Manka: Marahaba mwanangu. Mtoto anatumwa sukari nusu, na biskuti zinaingia kwenye daftari. Mtume na karatasi, Mangi atoe kilichoandikwa tu. Na daftari lilipwe kila Jumamosi. Deni la wiki mtu analikumbuka, la mwezi mnaanza kubishana.

Kaka Eliya: Ile ya simu kukuongezea salio likipungua wakati unalipa, iko sawa?

Baba Irene: Kataa. Ni mkopo na una ada, na pesa inayofuata kuingia inakatwa papo hapo. Ikiwa ni mshahara, mwezi umeanza na pengo. Mshahara ukiingia, kikoba na kodi vitoke siku hiyohiyo.

Mama Glory: Mwenye nyumba anapokea ya miezi sita tu, 480,000.

Baba Irene: Aisee, ungeanza na hilo! Hiyo 80,000 ni hatari kuliko viatu. Ukishaiweka miezi mitano una 400,000 kwenye simu, unajiona tajiri, sofa linaanza kukuita. Iweke akaunti isiyounganishwa na simu, au kibubu.

Dada Neema: Kibubu cha bati kilichochomelewa pande zote. Cha mbao cha misumari kinafunguliwa kwa kisu na kufungwa tena, hakuna anayejua.

Mama Glory: Asanteni. Kesho napita kwa fundi wa kuchomelea.