Tupeane uzoefu: mliobisha hodi na vijana wa kujitolea visiwa vya Karibi, mlango ulifunguliwaje?

Mtoto wa Newala (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Nimekaa Jamaika miaka mitatu nikisoma chuo kikuu pale Mona, Kingston, na Jumamosi nyingi nilizimalizia kwenye vichochoro pamoja na vijana wa mtaani wanaojitolea kuelimisha watu nyumba kwa nyumba. Najua humu tupo tuliopita Haiti, Kuba, Barbados na Trinidad. Naomba tupeane uzoefu, lakini siyo wa siku ya uzinduzi, ile ya fulana mpya na picha. Nataka siku ya pili, mliporudi kwenye nyumba ileile. Naamini kazi ya kujitolea huanzia hapo. Nianze mimi.

Januari 2019 serikali ya Jamaika ilitangaza mlipuko wa homa ya dengi. Mbu wake ni Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana kweupe. Kikundi chetu kilikuwa na vijana kumi na wawili, wengi wao wa August Town, mtaa unaopakana na chuo. Kule hugongi mlango. Unasimama nje ya geti unaita "Hold dog!", yaani mshikeni mbwa, halafu unasubiri mpaka mwenyewe atoke.

Nyumba ya nne ilikuwa ya bibi mmoja wa miaka sabini na ushee. Uani kwake mapipa matatu ya bluu, yamejaa maji, yako wazi. Aliyekuwa anatuongoza ni binti wa miaka kumi na minane. Akaanza maelezo aliyofundishwa: mbu huyu hutaga kwenye maji masafi yaliyotuama, kwa hiyo bibi mwaga haya, geuza mapipa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akamuuliza: "Nikiyamwaga, kesho naoga nini? Utaniletea wewe?" Maji ya bomba mtaani kwake yalikuwa yanakuja kwa zamu, leo yapo, kesho kutwa hayapo. Hatukuwa na jibu. Tukamwachia karatasi, tukaondoka.

Njiani yule binti alikuwa kimya. Tulipofika barabarani akasema pale harudi mikono mitupu.

Jumamosi iliyofuata alikuja na wavu wa dirishani na mipira aliyokata kwenye tyubu kuukuu za baiskeli. Safari hii hakuhutubia. Alichota maji ya pipa kwa chupa nyeupe ya plastiki, akaiinua juani. Viluwiluwi vikaonekana: vinapanda juu kuvuta pumzi, vinajinyonga, vinashuka tena. Bibi akaenda ndani kuchukua miwani. Aliishika ile chupa mwenyewe muda mrefu, akiigeuza. Kisha akatuambia kuwa mwaka 2014 aliugua chikungunya, ambayo wao huiita "chik-V", na kwamba mpaka leo akiamka vidole havikunjuki mpaka avikande kwa maji ya moto.

Nikamwambia, bibi, jina la huo ugonjwa limetoka kwetu. Ulitambuliwa mara ya kwanza katika uwanda wa Makonde mwaka 1952, na neno lenyewe ni la Kimakonde, la kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyopinda viungo. Huku Karibi uligundulika Desemba 2013 kisiwani Saint Martin, na mwaka uliofuata ukawa umeenea visiwa vingi. Akavitazama vidole vyake. Akaniuliza kwetu watu huweka maji kwenye nini. Nikamjibu: kwenye mapipa na mitungi, kwa sababu Newala maji ni ya shida. Akasema, "Basi mnanielewa," akampokea yule binti ncha moja ya wavu, wakafunga pipa la kwanza pamoja. La pili alifunga peke yake. Siku hiyo alituita kwa majirani watano, kila mmoja kwa jina lake, na geti lilifunguliwa kabla hatujaita mbwa washikwe.

Karibuni.

Mama wa Bukavu

Ndugu yangu wa Newala, asante kwa uzi huu. Mimi ni muuguzi, nilifika Haiti mwisho wa 2010, kipindupindu kikiwa kimeshaingia mto Artibonite. Marehemu baba yangu alisomeshwa sekondari na mwalimu Mhaiti, mmoja wa wale wengi waliokuja Kongo baada ya uhuru wa 1960, kwa hiyo nilipoitwa sikujiuliza mara mbili.

Mjue kwanza hali ilivyokuwa. Tetemeko la Januari 12 mwaka huo lilikuwa limeshaua watu wengi mno, na Oktoba ukaja ugonjwa ambao bibi zao hawakuwahi kuuona. Watu walisema umeletwa na askari wa Umoja wa Mataifa, na kweli miaka sita baadaye, Desemba 2016, Ban Ki-moon aliomba radhi mbele ya Baraza Kuu kwa sehemu ya umoja huo katika msiba ule. Lakini wakati ule ilikuwa hasira na hofu tupu. Ukazuka uvumi kwamba kuna watu wanatembea na unga wa kipindupindu. Waganga wa vodou, dini ya jadi ya huko, waliuawa kwa uvumi huo. Sasa fikirini: vijana wetu wa kujitolea walikuwa wanatembea na nini mifukoni? Pakiti za unga mweupe. Chumvi ya kurudisha maji mwilini, na klorini ya kusafishia maji.

Wahaiti wanabisha hodi kama sisi kabisa. Mgeni anasimama uani anaita "Onè!", yaani heshima kwenu, na wa ndani anaitikia "Respè!", heshima kwako pia. Usipoitikiwa, huingii. Siku ya kwanza kwenye kijiji kimoja upande wa Saint-Marc, kijana wetu wa miaka kumi na tisa aliita "Onè" kwenye nyumba saba na hakuna hata moja iliyomjibu. Alikuwa anasikia watoto ndani. Alirudi kwenye gari, akakaa kwenye ngazi ya nyuma, akalia.

Siku ya pili aliacha pakiti zote kwenye gari. Aliingia na kijiko tu. Nyumba ya kwanza akaita, na mama mmoja, nadhani kwa kumhurumia, akaitikia. Yule kijana akamwomba sukari yake mwenyewe, chumvi yake mwenyewe, na lita moja ya maji yake yaliyochemka yakapoa. Vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kidole. Akakoroga mbele ya watu. Akanywa yeye kwanza, bilauri nzima, taratibu, wakimtazama. Akafuta mdomo akasema: mtoto akianza kuharisha mpe hii hapohapo, na mkiwa mnampa muwe njiani kumleta kituoni, msikae nyumbani.

Alirudi kwenye nyumba zile saba wiki nzima. Mwisho wa wiki mzee mmoja alileta mtoto kituoni saa nane usiku, mgongoni, na chupa mkononi imebaki robo. Mtoto alikuwa bado na machozi. Sisi wauguzi tunajua maana yake mtoto akilia na machozi yakatoka: maji mwilini hayajamwishia.

Mkenya wa Bridgetown

Hiyo ya machozi imenigusa, mama. Yangu ni fupi.

Niliolewa Barbados. Wazee wa huku wakitaja kisukari wanasema tu "sugar", na shinikizo la damu wanaita "pressure", kama sisi tunavyosema sukari na presha. Nilipoanza kutembea na vijana wa kanisa letu kupima watu, tatizo lilikuwa moja: kila Jumamosi tunapima akina mama walewale. Wanaume hawaji. Wanaume wako kwenye duka la ramu, wanacheza domino, na Barbados hukosi duka la ramu karibu kila kona.

Vijana wawili wakaamua kwenda kukaa hukohuko. Jumamosi ya kwanza hawakupima mtu. Walicheza tu, wakafungwa, wakanunua soda zao, wakaenda nyumbani. Mchungaji hakufurahi. Jumamosi ya tatu mashine ya kupima presha ilikuwa juu ya meza ya domino, katikati ya vipande, na aliyefungwa ndiye anayevaa mkanda. Mzee wa kwanza ilisoma 190 juu. Mchezo ulisimama. Hakuna aliyegonga kipande mezani kwa muda. Wenzake ndio waliompeleka zahanati Jumatatu, si sisi.

Nilishuhudia pia vijana wa kisiwa wakipaza sauti kuhusu vinywaji vya sukari. Kodi yake ilianza na asilimia 10 mwaka 2015, ikapanda hadi 20 mwaka 2022. Nayo ni kazi kubwa. Ila mimi moyo wangu uko kwenye ile meza.

Kijana wa Port of Spain

Naomba niseme linalouma. Oktoba 2018 mafuriko yaliifunika Greenvale, kule La Horquetta, Trinidad. Nilikuwepo na vijana wenzangu kutoa magodoro yaliyojaa tope. Taasisi moja, sitaitaja, ilikuja na fulana, ikatupanga mbele ya nyumba ya mama mmoja ambaye vitu vyake vyote vilikuwa barabarani, ikapiga picha, ikaahidi kurudi na dawa za ukungu na majiko. Hawakurudi. Aliyebeba lawama ni sisi, kwa sababu sisi ndio tulioonekana mle ndani na tunaokutana naye sokoni.

Tulichofanya: vijana wanane tulikuwa na upatu wetu, wenyeji wanauita "susu". Mwenye zamu ya mwezi ule aliitoa zamu yake. Tulinunua jiko moja na dawa ya ukungu, tukapaka kuta mbili. Hatukuweza zaidi. Mama alitupikia kwenye jiko lile.

Wanaoandaa hizi kazi, tafadhalini, msiahidi kupitia mdomo wa kijana wa mtaa kisha mkapanda ndege.

Mjukuu wa Makunduchi

Assalaam aleikum. Mleta uzi umenikumbusha Havana. Nilikuwa nasoma udaktari 2020, korona ilipoingia masomo yakasimamishwa, wanafunzi wa tiba tukatumwa mitaani kila asubuhi nyumba kwa nyumba. Wenyewe wanaita "pesquisa". Koti jeupe, barakoa, daftari. Nani ana homa, nani anakohoa, wazee wangapi humu ndani. Kila siku mtaa uleule, kwa hiyo siku ya pili kwetu ilikuwa ya pili, ya ishirini, ya arubaini.

Kuna bibi mmoja ghorofa ya pili akiishi peke yake. Kahawa hatukuruhusiwa kunywa majumbani mwa watu, na kwa Wakuba kukataa kahawa ni kukataa mtu. Alitafuta njia yake: anaiweka kikombe kidogo kwenye ukingo wa dirisha la ngazi, anarudi ndani hatua tatu, anasubiri. Nateremka nacho uani, nainywea huko peke yangu, nakirudisha.

Siku moja akaniambia, "Na mimi nilikuwa kama wewe." Mwaka 1961 alikuwa na miaka kumi na minne, mmoja wa vijana zaidi ya 100,000 waliotoka majumbani kwenda kufundisha watu kusoma. Walipewa mafunzo Varadero, wakapewa taa ya mafuta, hao milimani. Yeye alipangiwa nyumba ya mkulima ambaye hakutaka hata kukaa naye meza moja. Mtu mzima afundishwe na mtoto wa mjini? Bibi anasema hakumlazimisha. Alfajiri alimfuata zizini, akamwomba amfundishe kukamua ng'ombe. Alipigwa teke, maziwa yakamwagika, akarudia. Siku ya nne usiku yule mkulima akaja mwenyewe, akaketi kwenye mwanga wa taa, akanyoosha mkono. Kiganja kigumu kama gome, penseli ilivunjika mara mbili.

Haikuwa kazi ya salama. Manuel Ascunce, mmoja wa walimu hao vijana, alikuwa na miaka 16 alipouawa milima ya Escambray mwezi Novemba, pamoja na mkulima aliyempokea nyumbani kwake. Bibi alipolitaja jina hilo aligeuza uso ukutani, nikangoja. Desemba 22 ikatangazwa kuwa watu zaidi ya 700,000 wamejua kusoma. Mtihani wao wa mwisho ulikuwa kuandika barua. Nilimuuliza mkulima wake aliandika nini. Akasema aliweka jina lake kamili, majina yote manne, akasita, akaongeza jina la ng'ombe.

Binti Kitangari

Shikamooni wakubwa zangu. Nimesoma yote. Mimi niko Newala, tuna kikundi cha vijana tisa na hakuna atakayetuletea wavu wa dirishani. Kaka mleta uzi, ule wavu wa yule bibi ulifungwaje hata ndoo ipite bila kuufungua wote? Kwetu huku watu hawatafungua na kufunga kila wakichota.

Mtoto wa Newala (mleta uzi)

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ndilo aliloliuliza bibi wiki ya tatu, kwa sababu tulikuta la kwanza amelivua. Chandarua chakavu kinafaa sana, kikunje mara mbili na uzibe matundu kwa sindano. Kata duara pana kuliko mdomo wa pipa kwa kiganja kizima kila upande. Pembeni pinda kama kiuno cha sketi, upitishe mpira wa tyubu humo ndani, uukaze. Hapo mtu anavuta upande mmoja tu, anachota, akiachia unarudi wenyewe. Mpira usifungwe kwa fundo la moja kwa moja, unalegea baada ya mwezi na utataka kuukaza.

Na kabla hujamfungia, mwombe chupa. Mwonyeshe kwanza maji yake juani. Niandikie mnaanzia kitongoji gani. Nina likizo mwezi wa sita, nitakuja mara ya kwanza na ya pili.