Halmashauri inahesabu miaka ya teksi, moshi wenyewe haiupimi. Hii ni akili gani?

Wakuu heshima kwenu.

Nina hasira kwa hiyo mtanisamehe uandishi. Mimi dereva teksi huku kanda ya kati, halmashauri siitaji jina maana kibali changu kinatoka kwao na mji wenyewe mdogo, tunajuana. Juzi wametuletea karatasi kijiweni, ina muhuri mkubwa wa bluu, inasema kuanzia mwaka wa fedha ujao teksi yoyote iliyozidi miaka 10 toka itengenezwe haitapewa kibali cha kuegesha kituoni, eti kupunguza hewa chafu mjini. Basi imeishia hapo. Hakuna mashine, hakuna kiwango cha moshi, hakuna kitu, wanaangalia mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari tu.

Haya tuhesabu. Kijiwe chetu karibu chote ni IST, zile za mwanzo. Toyota walianza kuzitoa 2002, 2007 wakaleta umbo jingine. Maana yake hata ile ya mwisho kabisa kutoka kiwandani ilishapitisha miaka 10 tangu 2017. Bado sijagusa wazee wenye Carina na Corolla 110. Yani hiyo karatasi haipunguzi teksi chafu, inafuta kijiwe kizima halafu inaita mazingira.

Na mjue hizi gari hatukuzinunua zikiwa mpya, hakuna dereva teksi nchi hii aliyenunua gari mpya. Zinatoka Japan zimeshatumika, na zikifika bandarini kuna ushuru wa uchakavu, gari ikiwa na miaka 8 mpaka 10 unalipa asilimia 15, ikizidi 10 ni asilimia 30, hapo hujaweka ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT 18. Silalamikii hilo, sheria ndo ilivyo. Wakenya gari ikizidi miaka 8 hawataki hata kuiona, Waganda wao miaka 15. Sisi tukaamua hatuzuii, tunatoza. Sawa. Tajiri wangu, yani mwenye gari ninayoendesha, akatozwa kwa sababu gari ni zee, akalipa, akapewa namba, LATRA, wale mamlaka ya usafiri wa ardhini, wakatupa leseni. Sasa uzee uleule ulioingiza hela bandarini unageukaje kosa ukifika kwenye stendi yetu?

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Karatasi inasema TEKSI. Yani namba nyeupe, za biashara. Sasa njooni jioni hapa stendi muone IST za namba ya njano zimejipanga upande wa pili, michomoko, yani gari binafsi zinazobeba abiria kimyakimya, gari ileile, injini ileile, nyingine kuukuu kuliko yangu, zinapakia watu wanne nyuma kwenda Dodoma mjini na hakuna anayeziuliza mwaka. Hazina leseni ya biashara, hazilipi kituo, bima ya abiria hazina. Mimi ninayelipa vyote ndo nachafua hewa. Kwa hiyo nikikosa kibali nibadilishe namba ziwe za njano nihamie ng'ambo ya barabara, hewa itakuwa imesafika?

Kuna mmoja wa idara alikuja "kukagua". Kijana mstaarabu tu, shikamoo nyingi. Akainama nyuma ya gari akaingiza kidole kwenye ekzosi, akakitoa cheusi, akaninyooshea, "unaona mzee?" Nikamwambia mwanangu, ekzosi ya gari gani ukiingiza kidole inatoka nyeupe? Akacheka. Halafu akachukua kitambaa changu cha kufutia dashibodi akafutia kidole chake. Hicho ndo kipimo cha hewa chafu cha halmashauri nzima, kidole!

Mtu anayejua gari anajua moshi hauji kwa birthday. Ukiona wa bluu hiyo inakula oili, ringi zimekwisha. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, angalia eakilina, angalia plagi, kama ni dizeli angalia nozeli. Na kuna masega ya kwenye ekzosi (catalytic converter), hapa ndo wengi hawasemi ukweli. Masega ndo yanayosafisha hewa kabla haijatoka, na yana madini ya bei, kwa hiyo mafundi wanayakata wanauza, mwenye gari anaambiwa yameziba. Gari ya miaka sita iliyokatwa masega inatoa sumu kuliko IST yangu ambayo bado inayo, na kwa hii sheria yao ile ya miaka sita inapita kifua mbele. Mkitaka kusafisha hewa leteni mashine, pimeni kila gari, ikifeli mpe mwenyewe muda akatengeneze, ikifeli tena mfungie. Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Tena gari la taka la halmashauri yenyewe likipita asubuhi mama ntilie wanafunika masufuria. Sijui lina miaka mingapi, kadi yake haikaguliwi.

Kwenye kikao tuliambiwa "hata London teksi zina ukomo wa umri". Kweli zinao. Ila malizieni hadithi. London teksi nyeusi zilikuwa na ukomo wa miaka 15, zile dizeli chafu wakaanza kuzishusha 2019 mwaka mmoja mmoja mpaka zikafika 12 mwaka 2022. Tangu Januari 2018 teksi inayosajiliwa upya lazima iwe na uwezo wa kutembea bila kutoa moshi, sawa, lakini mwenye gari la zamani aliyekubali kuliondoa alikuwa analipwa, mpaka pauni 10,000, na anayenunua ya umeme alikuwa anapunguziwa bei. Huku kwetu mmechukua ukomo mkaacha hela hukohuko. Tulipouliza fidia, jibu likawa tukakope ile asilimia 10 ya mapato ya ndani. Ile ni ya kina mama, vijana na watu wenye ulemavu. Mimi nina wajukuu, niingie kundi gani? Kilichobaki ni mikopo ya kausha damu, na wakopeshaji hao hata London wasingewaweza.

Tajiri wangu kashasema hanunui gari nyingine, akiiuza hii anajenga frem. Hesabu ya kila siku ninayompelekea ndo inamsomeshea mtoto chuo, na kinachobaki ndo mimi nakula. Na abiria je? Usiku wa manane mjamzito kashikwa uchungu, kituo cha afya wanasema mpelekeni hospitali ya Benjamin Mkapa, ambulensi imeenda kwingine, nani anapigiwa simu? Au apande bodaboda na lile vumbi letu kuanzia Mei mpaka Novemba.

Kingine, sheria ndogo ina utaratibu. Wananchi wanatangaziwa, wanatoa maoni na pingamizi, baraza la madiwani linapitisha, inaenda TAMISEMI waziri asaini, inachapwa kwenye Gazeti la Serikali ina namba ya GN. Hii yetu nimeigeuza mbele na nyuma, GN sijaiona. Nimemuuliza diwani wetu anasema na yeye kaiona WhatsApp.

NYONGEZA: Kuna mkuu kaandika hapo chini eti teksi zetu mikangafu, viti vimechanika, tunanuka petroli, bora tufungiwe. Mkuu zipo za hivyo, hata kijiweni kwetu zipo na mwenyewe nikiwa abiria sipandi. Ndo nasema PIMENI. Iliyo mbovu iondoke hata kama ni ya 2020.

Na wewe uliyeuliza kwa nini tusigome, tulishakaa, wenye mikopo wamekataa, siku moja bila kazi kwao ni balaa.

Ninachotaka kujua kwa wanasheria wa humu: kama karatasi haina GN, barua ya pingamizi tunaandika kwa mkurugenzi nakala kwa DC, au tunaenda moja kwa moja TAMISEMI? Na kibali changu kinaisha Juni, wakikataa kupokea hela yangu dirishani naomba wanipe kwa maandishi au inatosha niwe na shahidi? Mwenye uzoefu aje.