Mjadala: Aliyepigwa kalamu akiwa na miaka 48 aambiwe "nenda mtandaoni"?

Mtoa mada, Donholm

Mtu akipoteza kazi akiwa na miaka arobaini na kitu, siku hizi jibu analopewa ni moja tu, awe anaongea na afisa wa serikali, mhubiri au shemeji yake: "Kazi ziko mtandaoni." Mimi nauliza kama huo ni ushauri au ni njia ya kumtoa mlangoni.

Msimamo wangu nausema mapema. Mtandao unaweza kumlisha mtu wa rika letu, lakini si kwa kumrudisha uanagenzi katika kazi za wageni zinazolipa dola mbili. Auze ujuzi alionao tayari, na auze kwa watu wa hapa hapa wanaomjua.

Nilikuwa karani wa hesabu kwa miaka 17 katika kampuni moja ya Barabara ya Mombasa. Mwaka 2023 tuliitwa watu tisa, kila mmoja akapewa bahasha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema anayepunguzwa kazi alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Kwangu hizo ni siku 255. Miezi minane na nusu, na nyumbani kuna mmoja wa Kidato cha Pili na mwingine anaingia chuo.

Nikaanza na ile kazi ya kusikiliza sauti na kuiandika. Unapewa faili la dakika kumi, watu wa bima huko Marekani wako kwenye mkutano, mmoja anaongea huku anatafuna. Unarudisha nyuma sekunde tano, unasikiliza, unarudisha tena. Dakika kumi zile zilinichukua saa moja na nusu nikiwa sijachoka, na wanalipa kwa dakika ya sauti, si kwa dakika zako. Halafu jukwaa, yaani tovuti inayokupa kazi, linakata chake, na anayekubadilishia dola anakata chake. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160. Kabla ya katikati ya mwaka ikawa karibu 130. Nchi ilipumua, na ilistahili kupumua, lakini sisi tuliokuwa tukilipwa kwa dola tulipunguziwa pato karibu sehemu moja ya tano kwa kazi ile ile.

Kilichoniokoa ni simu moja. Mzee aliyekuwa akituletea sabuni kazini alikuwa bado na nambari yangu. Tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki, haikubaliwi na KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, katika hesabu ya kodi, kwa hiyo wateja wake walianza kumkataa: hakuna ankara ya eTIMS, hakuna biashara. Nikamsajili, nikamfundisha kuzitoa kwa simu. Yeye akamwambia ndugu yake wa Kamukunji anayeuza sufuria kwa jumla. Leo nina wateja 14. Kila jioni wananitumia picha za risiti kwa WhatsApp, mimi napanga vitabu vya hesabu. Wengi wako kwenye kodi ya mauzo ya asilimia 3, inayolipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo mwezi wangu una mwendo unaojulikana. Sijafikia mshahara wa zamani. Kodi ya nyumba naimudu.

Karibuni tujadiliane.

Kijana wa Roysambu

Mama, kwa heshima zote, hapo umetuonea sisi wa kazi za nje. Nimekuwa humo tangu 2017 na ndizo zilizonilipia chuo mimi na dadangu. Nikueleze ninachokiona kwa wazazi wetu: wanakuja, wanajaribu wiki mbili, wanaona dola saba, wanaondoka. Mimi nilikaa miezi mitatu bila kupata hata kazi moja. Mtu aliyezoea mshahara tarehe 28 hana subira hiyo, na simlaumu, ana watoto.

Lakini kuna jambo hujaligusa. Kwenye majukwaa hakuna anayekuuliza umri. Peleka barua zako kwenye maofisi ya Upper Hill ukiwa na miaka 48 uone kama utaitwa hata kwa mahojiano. Mteja wa Toronto anataka kazi yake imefika saa aliyosema, basi. Je, hiyo si heshima ambayo mji huu umewanyima?

Ni kweli mambo yamebadilika. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 kazi za uandishi zilianza kukauka, na ndani ya mwaka mmoja nilipoteza wateja wawili niliowategemea. Sasa nahudumia wateja wa duka la nguo la New York. Saa tatu asubuhi kwao ni saa kumi jioni hapa, au saa kumi na moja kutegemea majira yao, kwa hiyo nafanya kazi hadi usiku wa manane. Kwa kijana haina shida. Kwa mwenye presha, sijui.

Mama wa Kayole

Mwanangu, subira tunayo. Tusichokuwa nacho ni mtu wa kutuambia ukweli kabla pesa hazijatoka.

Nilifutwa nikiwa na miaka 46. Wiki ya pili tu baada ya malipo kuingia, kijana mmoja, tena wa kanisa letu, akaniambia kufungua akaunti mpya ni kupoteza muda, heri ninunue "iliyokomaa", yenye nyota na sifa za wateja. Shilingi 35,000. Nikatoa. Siku ya kumi na moja jukwaa likataka mwenye akaunti ajitokeze kwa video na kitambulisho. Nilikaa mbele ya kamera nikijua uso wangu si uso wanaoutafuta. Ikafungwa hapo hapo, na dola 60 nilizokuwa nimezifanyia kazi zikabaki ndani.

Kumshtaki siwezi, maana hata mimi nilikuwa nimenunua jina la mtu. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi ya pesa. Nilifanya kazi miaka 20 bila hata onyo moja.

Mnapozungumza habari ya mafunzo, anzeni hapo. Mwenye kiinua mgongo ananukia pesa, na wanaojua harufu hiyo ni wengi.

Fundi wa chapa, Kirinyaga Road

Mama wa Kayole, pole sana. Usijibebeshe aibu ya mtu mwingine.

Nina miaka 53. Kiwanda cha uchapishaji nilichofanyia kazi kilifunga idara yetu, na mashine nilizozijua ziliuzwa kama vyuma chakavu. Ninachofanya sasa ni vijitabu vya mazishi. Familia inanitumia picha na wasifu wa marehemu kwa simu, mimi napanga kurasa kwa laptopu nyumbani, natuma kwa mwenye mashine mjini, wanachukua Ijumaa asubuhi wakielekea nyumbani kuzika. Alhamisi silali.

Mtaniambia kijana yeyote anaweza kupanga kurasa. Anaweza. Lakini nawaeleza kitu kimoja. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha inapungua ubora. Ukiichapisha ukurasa mzima, uso wa marehemu unakuwa kama umepakwa unga. Kwa hiyo kila familia naiambia itume kama dokumenti. Wengi hawajui, na wako kwenye msiba, huwezi kuwafokea. Unapiga simu, unatoa pole, unamwongoza binti wa marehemu hatua kwa hatua mpaka picha ifike safi. Kisha nasoma orodha ya watoto na wajukuu mara tatu, kwa sababu jina likiachwa kwenye kijitabu cha mazishi, ugomvi wake haufi. Hayo nimeyajua kwa miaka 26 ya kurekebisha makosa ya watu kabla wino haujashika karatasi.

Kwa hiyo nakubaliana na mtoa mada, ila naongeza: simu ilinipa wateja wa Kakamega na Kitui ambao zamani wasingenifikia kamwe. Usiyaite haya mambo ya mtaani. Ni mtandao huu huu.

Mkazi wa Lang'ata

Mnazungumza kana kwamba kila mtu ajitafutie. Serikali iko wapi? Katiba, ibara ya 260, inamhesabu kijana kuwa aliyefikisha miaka 18 na hajafikisha 35. Ajira Digital, mpango wa serikali wa kazi za mtandaoni, ilipoanzishwa 2016 ililenga vijana. Hazina ya Vijana ni ya vijana. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, uko wazi kwa kila mtu mzima, lakini mikopo yake ilianzia shilingi 500. Mtu wa miaka 47 aliyechangia kodi robo karne hana dirisha lake popote. Nataka kila notisi ya kupunguza wafanyakazi inayofika kwa afisa wa kazi, kama sheria inavyodai, iwe ndiyo mwanzo wa mafunzo ya bure kwa wale watu, kabla hawajatoka mlangoni.

Na dada wa Donholm, angalia. Kumwakilisha mtu mbele ya KRA kunahitaji leseni ya wakala wa kodi.

Kijana wa Roysambu

Mafunzo sawa, lakini pesa zitoke wapi? Tuko wengi wenye digrii tunaolala kwa wazazi, hao hao mnaosema wamefutwa. Dirisha la vijana likigawanywa, nyumba moja itanyang'anyana sahani.

Mtoa mada, Donholm

Ndugu wa Lang'ata, asante kwa tahadhari. Mimi naweka vitabu. Mteja anajaza mwenyewe kwa akaunti yake nikiwa kwenye simu, na lenye uzito linakwenda kwa mhasibu mwenye leseni tuliyefanya naye kazi zamani, ananikatia sehemu. Wazo lako la notisi nalikubali kabisa. Sisi tisa tulikuwa na mwezi mzima wa notisi, na mwezi huo wote tuliutumia kuulizana nani atabaki.

Mwanangu wa Roysambu, kuhusu umri umenishinda, nakubali. Niliomba kazi 22 kabla ya kuacha kuomba. Kuhusu sahani sikubaliani nawe: mama akipata kazi, kijana anayelala kwake naye anakula. Lakini hakuna kati yetu aliyetaja matibabu. Zamani mwajiri alikata, hata sikuona. SHA, bima ya afya ya serikali, ilipoanza Oktoba 2024, sisi wa kujiajiri tulitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mwenye wateja 14 wanaolipa kwa siku tofauti angeupata wapi mkupuo huo, pamoja na karo? Wanaotuelekeza mtandaoni wajibu hilo kwanza.

Mama wa Kayole, ulikuwa ukifanya kazi gani miaka hiyo 20? Hukusema. Sote tumesikia habari ya akaunti, na hakuna aliyekuuliza unachojua.

Mama wa Kayole

Stoo ya dawa. Nilikuwa naagiza, napokea na kupanga dawa kwa tarehe za kuisha. Hospitali moja ndogo, vitanda 40.

Mtoa mada, Donholm

Kayole, Umoja na Donholm zina maduka mangapi ya dawa ambayo mwenyewe hajui kilichoharibika kwenye rafu yake mpaka mkaguzi aje? Wateja wangu wawili ni wa maduka hayo. Nitawauliza kesho.