Mjadala: Mafundi wa mbwa wa kuongoza wasioona, nani awape ithibati?

Mwana Igogo: Wadau, wakianza watu kufundisha mbwa hawa huku kwetu, nani atawakagua? Nje kuna ADI, shirika la kimataifa la mbwa wasaidizi: hukagua taasisi, si mbwa mmoja mmoja, na kila miaka mitano hukagua upya. Tuweke kiwango chetu mapema? Ingawa najua makonda wa Mwanza watampiga teke mbwa hata akivaa cheti shingoni.

Konda wa Buzuruga: Umeanza na ithibati ukaishia kwa konda. Asiyeona kwangu namshika mkono, siti ya mbele, na nauli sichukui. Wewe ulishawahi hata kumpisha?

Mama Dagaa: Nauli huchukui? Gari lipi hilo nipande na ndoo zangu?

Konda wa Buzuruga: Mama, ndoo zinalipiwa. Zinanuka kuliko huyo mbwa.

Mama Dagaa: Dagaa ndio waliokukuza, mwanangu! Na mnaotaka kiwango, mleteni mbwa wenu soko la Mwaloni asubuhi, apite katikati ya dagaa walioanikwa na mbwa koko wakimbwekea. Asipodokoa, mpeni cheti.

Mwana Igogo: Mama, hicho ndicho kipimo chenyewe! Hufundishwa kupuuza chakula.

Ustadhi wa Mkuyuni: Mbwa wa kazi dini haikatazi kumfuga. Mate yakibaki kwenye siti ndiyo shughuli, maana sisi tunaosha mara saba, moja kwa udongo. Konda yuko tayari?

Konda wa Buzuruga: Konda tena!

Mwalimu, Misungwi: Asiyeona humu ni mimi, simu inanisomea matusi yenu. Marekani sheria haidai cheti cha mbwa. Kama kazi yake haionekani wazi, mwenye duka anauliza mawili tu: anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya nini. Na mbwa hasomi taa. Mimi ndiye nasikiliza magari na kuamuru, yeye hukataa akiona hatari. Sasa bodaboda akija Nyerere Road kinyume cha njia, na fundi alimfundisha kutii tu, nitamdai nani? Mpaka nijue, fimbo yangu nyeupe haihitaji chanjo ya kichaa.

Mwana Igogo: Kwa hiyo Mwalimu unaunga mkono ithibati?

Mwalimu, Misungwi: Ya fundi, ndiyo. Ya mbwa msiniulize mlangoni.

Mama Dagaa: Konda, gari hujalitaja.